Dakika Hamsini Kutoka Kalemie

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Blandine akitundika vitenge kwenye kibanda chake sokoni Nakivubo, Kampala, mdogo wake Tresor alimpigia simu. Alisema yeye na mama yao wamekwisha kupanda ndege pale Kalemie, Kongo. Wangeruka mpaka Bunia, kisha washike barabara ya kuja Uganda. Blandine alimshukuru Mungu. Miaka minne alikuwa akimbembeleza mama yake aje kuishi naye Kampala, na mwezi huo hatimaye mama alikubali.

Saa tatu na dakika arobaini simu ikalia tena. Tresor alisema wametua Bunia salama. Mama amechoka, amelala, wataongea baadaye. Akakata.

Furaha ya Blandine haikukaa. Mama yake hakuwa mtu wa kulala asubuhi, na Tresor alisema maneno yale harakaharaka kama mtu aliyeyakariri. Akaenda kumsimulia Kidega, mzee wa Gulu aliyewahi kutumikia jeshi la anga, ambaye sasa alilinda ghala la jirani. Kidega alivaa miwani, akatazama ramani kwenye simu yake bila kuharakisha.

“Mama Exaucée,” alimwita kwa jina la mwanawe, “hizi ni kilomita mia nane na zaidi, hata rubani akinyoosha bila kupinda popote. Vindege vya huko vinataka zaidi ya saa mbili. Kwa dakika hamsini hawajafika hata nusu.”

Blandine alijaribu kumtetea mdogo wake. Labda ni saa za Kongo, ambazo ziko nyuma ya za Kampala. Kidega alitikisa kichwa. Kalemie na Bunia zinafuata saa zilezile, alisema, na isitoshe hizo dakika hamsini zimehesabiwa kwenye simu ya Blandine mwenyewe, hapahapa.

Ndipo neno lile “amelala” lilipomwingia vibaya. Kwao, aliyetumwa kutoa habari ya msiba huanza kwa kusema mgonjwa amelala. Akakalia robota la vitenge. Alipiga simu mara nne bila kupokewa. Mara ya tano Tresor akapokea.

“Nipe mama,” Blandine alisema.

“Yaya,” akamwita dada yake, “nimekwambia amelala.”

“Mwamshe. Kama hawezi kuamka, niambie sasa.”

Kisha ikasikika sauti ya mama yao ikimwamuru Tresor alete hiyo simu, na Blandine akaanza kulia kabla hajajibu salamu.

Mama alimwambia hawakupanda ndege yoyote. Ni yeye aliyemtuma Tresor adanganye, ili yeye mwenyewe apate siku mbili za safari hiyo kutafuta maneno ya kusema ukweli.

“Nimeolewa, Blandine. Wiki ya pili hii. Niliogopa kukwambia.”

Mwanamume huyo aliitwa Josias, fundi viatu, mjane. Blandine alifuta machozi, na hofu ilipoondoka, shaka ikashika nafasi yake. Mtu gani huyu anaoa mama wa watu bila kubisha hodi kwa watoto wake? Akataka Josias apewe simu. Josias alikohoa, akamwita mwanangu. Blandine hakuitikia jina hilo. Alimuuliza ukoo wake, kanisa lake, na marehemu mkewe aliugua nini. Mzee alijibu yote taratibu, pasipo kukasirika.

“Nitakuja mwenyewe nikuone,” Blandine alimwambia.

“Karibu,” Josias akajibu. “Safari ni ndefu. Utuambie siku, tuje kukupokea.”