Mlango wa Maji wa Lubarika

Mwaka wa sitini na nne, waasi walipowafukuza agronomu Placide, yule bwana shamba, na Chefu Venant, mtawala wetu wa jadi, kuna watu waliowalilia. Minye, yaani mimi, hapana. Niliwachukia wote wawili, na ninawachukia hata leo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mpunga wangu wa Lubarika ulikuwa unatoa mashuke na mfereji umekauka. Chakula cha watoto wangu cha mwaka mzima kilikuwa mle shambani. Maji yalikuwepo mtoni, nyuma ya mlango wa mbao unaoziba mfereji. Lakini serikali ya uhuru ilileta sheria: mlango haufunguliwi mpaka agronomu wa serikali na chefu wa kwetu wakae pamoja, wapatane. Haikusema wakae kwa nani. Placide akangoja ofisini kwake, Venant akangoja nyumbani kwake. Kwetu anayemfuata mwenzake ndiye mdogo. Mpunga ukaanza kuwa njano.

Basi nikawaita wote wawili pale pale mlangoni, waje kunywa kasikisi, pombe ya ndizi niliyoikamua mwenyewe. Ujinga wangu ulikuwa hapo. Kwetu pombe huonjwa kwanza na mwenye mahali, ili wageni wajue haina sumu. Nilipoweka mtungi chini, wote wawili wakanyoosha mkono.

"Minye ndiye mwenyeji," akasema Venant. "Hii udongo ni ya babu zangu."

"Mlango iko ya serikali," akajibu Placide. "Weye ni mugeni hapa."

Wakashikana mashati. Mtungi ukapinduka, kasikisi ikamwagika yote, wakaondoka wakitukaniana mama. Hakuna aliyeuliza habari za mpunga. Tembo wakipigana majani ndiyo yanaumia, sawa, lakini minye si majani. Hasira ilinipanda.

Nikawachukua Pélagie na Louise, majirani zangu wa shamba, tukauvunja ule mlango kwa majembe. Maji yakateremka mpaka mwisho wa shamba.

Kesho yake polisi walikuja kunikamata. Nyuma yao walikuja Placide na Venant, bega kwa bega, na wakakaa kwenye benchi moja, uwanjani kwangu, wakizungumza taratibu juu ya adhabu yangu.

"Sasa mumepatana?" nikawauliza.

"Sheria ni sheria, Mama Generose," akasema Venant, na Placide akaitikia kwa kichwa.

Nilifungwa Uvira. Mpunga ulizaa vizuri sana. Waliuvuna kama faini, nusu ya serikali, nusu ya chefu, na Pélagie anasema hawakugombana hata kidogo. Watoto wangu walisimama kando ya shamba wakitazama magunia yakipakiwa.