Swali la Rahab Kuhusu Meza ya Bwana

Joash alikuwa mzee wa kanisa huko Kiamunyi, na kila Alhamisi jioni alifundisha Biblia nyumbani kwake. Siku hiyo alieleza kwamba sheria humwonyesha mtu uchafu wake lakini haiwezi kumwosha. Anayeosha ni Mungu, kwa neema yake.

"Mzee, niko na swali," akasema Rahab. Huyu kila mara alitolewa nje kabla ya ushirika mtakatifu, kwa sababu mumewe alikataa katakata kufunga naye ndoa kanisani. "Kama mimi ndiye mchafu, mbona mnanitoa nje maji ya kuniosha yakiletwa?"

"Sijui, mama," akasema Joash. "Ni sheria ya kanisa, na sijawahi kuifikiria."

Jumapili alimwambia pasta kwamba hatagawa mkate mpaka jambo la Rahab lijadiliwe. Pasta alinuna, akampa mzee mwingine sinia. Rahab alipoinuka kutoka, Joash naye akainuka, kanisa zima likimkodolea macho.

Nje, Rahab alimshangaa. "Mzee, na wewe kosa lako ni gani?"

"Yangu ni mengi, mama. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza."

Rahab akacheka, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Ndani wimbo ulianza, nao wakauimba papo hapo nje. Wiki hiyo pasta aliitisha kikao cha wazee, na kwa mara ya kwanza Rahab akaitwa kujieleza mwenyewe.