Mlima wa Kiongoroni

Chombo changu nilikiunda kwa miaka mitatu, na siku ya kukishua majini ilikuwa moja tu: bamvua kubwa la mwezi wa tatu, maji yanapojaa kupita siku zote, saa kumi alasiri. Bamvua dogo halifiki pale kilipokuwa kimesimama juu ya gadi, nguzo za kukiegemeza. Ningeikosa siku ile, ningengoja mpaka mwezi wa tisa, na mchwa walikwisha anza kupanda gadi za upande wa kushoto. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mengine yote ya siku ile yalikuwa upuuzi.

Wakati ule wa Mwingereza, chombo kilichoundwa kwa miti ya mikoko kilitaka karatasi ya Bwana Msitu, ofisa wa misitu, kabla ya kugusa maji. Alikuja kijijini kwetu Kiongoroni asubuhi ya siku ile kwa boti ya serikali, nikamshukuru Mungu. Kisha nikaona alichobeba: mbao mbili ndefu, nyembamba, zimepinda ncha, na fimbo mbili.

"Mshamu," akasema, "likizo yangu imefutwa. Kwetu sasa watu wako milimani, wanateleza juu ya theluji kwa mbao hizi. Mimi nitateleza hapa."

"Hapa hapana mlima, bwana."

"Tope lipo?"

"Tope lipo."

"Basi. Nataka njia tatu: ya wepesi, ya kati na ya hatari. Nikizimaliza zote, natia sahihi karatasi yako. Nisipozimaliza, nitarudi mwezi ujao."

Miraji, kaka yake mke wangu, alicheka mpaka akashika gadi. "Shemeji, chombo umekwisha unda. Sasa unda na mlima."

"Wewe shika jembe, acha maneno."

Saa nne maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Tulichonga ukingo wa tope, tukachomeka vijiti vyenye vipande vya kanga kuonyesha njia ya kwanza. Bwana Msitu akafunga mbao miguuni, akasimama.

Sisi tope refu hatulivuki wima. Mtu hulala kifudifudi juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mmoja. Nilimwambia. Akasema Ulaya hakuna anayelala. Akajisukuma kwa fimbo, akaenda hatua moja na nusu, akazama mpaka magotini. Tulimtoa watu sita. Ubao mmoja ulibaki chini, tukaufukua kama tunafukua kaa.

"Theluji yenu mbaya," akasema.

Lakini akaandika kwenye kitabu chake kwamba njia ya wepesi imekwisha. Nikapata moyo.

Ya kati ilimshinda mara tatu. Adhuhuri ikapita. Maji yalikuwa yamekwisha geuka, yanarudi, nami nikawaza kama fundi: kitu kisichotaka kuteleza hupakwa sifa. Mapipa mawili ya sifa, yale mafuta ya ini la papa, yalikuwa chini ya chombo, tayari kwa kushulia.

Mke wangu Biasha akanizuia. "Baba Kondo, hayo ni ya chombo!"

"Bila sahihi hakuna chombo."

Tukapaka mbao zake. Tukatandika magogo ya kushulia juu ya tope, tukayapaka nayo. Miraji akampaka na suruali, nyuma.

"Huko kwa nini?" Bwana Msitu akauliza.

"Ukianguka, bwana, uendelee."

Tukamfunga kamba kiunoni, wanaume ishirini wakavuta. Akateleza kinywa wazi, akaanguka, akaendelea kama Miraji alivyokusudia. Alipofika chini alikuwa ananuka papa wa siku nne na anacheka peke yake.

"Safi! Ya kati imekwisha! Sasa ya hatari. Hiyo lazima mlima."

Akatazama kushoto, mikoko. Akatazama kulia, mikoko. Kitu kirefu kuliko vyote pale kilikuwa chombo changu.

Alipanda ngazi na mbao miguuni, ubavu ubavu, akasimama kwenye omo, mbele kabisa ya chombo. Tukamwegeshea ubao mpana wa kushukia mpaka kwenye magogo. Saa kumi ilikuwa inakaribia, na maji yalikwisha lamba mkuku, uti wa chini wa chombo. Kijiji kizima kilikuwa pale, maana walialikwa kushua. Kamba za chombo zimekwisha fungwa, na kamba ya kiunoni ya Bwana Msitu imelala katikati ya hizo.

"Vuta!" akapiga kelele.

Na hapo ndipo lilipotokea kosa letu. Kwetu, sifa ikishapakwa na kamba zikishashikwa, neno hilo moja linatosha. Biasha akaanza wimbo wa kushulia, "Mtoeni huyo!" na watu wakaitikia, "Atoke!" Hakuna aliyeuliza kamba ipi. Na chombo kikishaanza kwenda hakisimamishwi njiani, la sivyo kitakuwa na kisirani maisha yake yote. Nilipaza sauti wangoje. Wakadhani naitikia.

Gadi zikaanguka. Chombo kikalia, kikaondoka. Bwana Msitu alikuwa bado kwenye omo, magoti amekunja, fimbo kwapani, akashuka nacho mpaka kikaelea.

Nilisimama majini hadi kifuani, nawaza jela. Nimeshua bila karatasi, tena mbele ya mwenye karatasi.

"Mshamu!" akaita. "Umeona?"

"Nimeona, bwana. Nisamehe."

"Kwetu mtu hushuka, mlima hubaki. Hapa mlima wenyewe umeshuka!"

"Ndiyo, bwana."

"Ulaya hawataamini. Lete karatasi."

Nikaikimbilia, nikapanda nayo chomboni. Akaiandika juu ya mgongo wangu, akapiga muhuri. Penye aina ya kitu akaandika neno moja.

"Bwana, hiki ni chombo."

"Usinifundishe. Nimesimama juu yake. Ni mlima."

Nikaikunja karatasi. Kinaelea, kina muhuri, basi.

Juma lililofuata nilipeleka boriti Nyamisati. Karani wa bandarini akaisoma karatasi mara tatu.

"Mlima wa mbao, mmoja, mali ya Mshamu wa Kiongoroni."

"Ndio huo."

Akautazama kuanzia omo mpaka tezi kule nyuma. "Umebeba nini?"

"Boriti."

Akafungua kitabu cha leseni na ushuru wa vyombo, akapekua kurasa zote, akakifunga.

"Milima haimo humu," akasema. "Pita, usituzibie njia."