Hita ya Samaki

Nyumba ya Mukiri kule Timau ilikuwa na hita moja tu, nayo ilikuwa ya samaki. Sebuleni lilikaa tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe, na kando yake mama yake mzazi, Karwirwa, alitetemeka kwa baridi ya mlimani kama kifaranga aliyenyeshewa.

Samaki walipoanza kufa, Mukiri alibadilisha pampu, akapima chumvi, akamtukana fundi. Asubuhi moja akamkuta mama yake ametumbukiza mikono yote miwili tangini, mikono aliyokuwa ameipaka dawa ya viungo.

"Maji yako yana joto zuri, mwanangu," alisema Karwirwa.

Jioni Mukiri alirudi na samaki wapya na kufuli ya kifuniko. Akampa mama tochi ammulikie akifunga. Mwanga ukatetemeka.

"Mama, si utulie!" akafoka.