Ile ya Watu Wawili

Cirhuza alikuwa na misumari saba kinywani simu ilipoanza kusema. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa ya Bruno, shemeji yake anayeishi Ubelgiji, na Rosette ndiye aliyeibonyeza ili baba yake aisikilize huku mikono ikiendelea na kazi.

"Asinge, jambo shemeji. Sikia. Kuko mama moja wa Kadutu anarudia uko jumamosi, siku ya posho. Amenipatia nafasi mu valizi yake, lakini ya kintu kimoja tu. Nimeona bintu mbili ku duka ya okazyo, ya bintu bilishatumika. Ordinatere moja, ile kompyuta ya kucheza, na PlayStation moja na manette zake mbili za kushika mu mikono. Zote ziko muzuri. Nasikia ku michezo Rosette anashinda hata vijana wa Bagira. Basi muniambie, nitume kipi? Mwisho siku ya ine magaribi. Kiisha hapo mama anafunga valizi."

Cirhuza alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa unataka gani?"

Rosette aliipangusa simu kwa upindo wa sketi ya shule, ingawa haikuwa chafu. Alikuwa na miaka kumi na sita na maneno machache kama mtu anayelipa kwa kila neno. "Chagua weye, Papa."

"Anayecheza ni mie?"

"Muzee wa nyumba ni weye."

Akaingia ndani. Cirhuza alibaki chini ya bati lake pembeni mwa nyumba, mbele ya fotei ya mteja iliyopasuliwa tumbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kufufua mafotei, viti vya sponji vya sebuleni. Watu walimletea yaliyobonyea, yenye springi zilizochoka na sponji iliyogeuka unga. Akakata mipira ya matairi kuwa mikanda, akaivuta, akaigongelea, akajaza upya. Shule aliiacha mwaka wa nne, lakini fotei alizisoma. Akifunua kitambaa tu, anajua: hapa anakaa baba anayeegemea kushoto kuisikiliza redio, hapa mama asiyeegemea kabisa, anayekaa ukingoni kwa sababu sufuria iko motoni. Sponji haijui kudanganya. Laiti wakubwa wa nchi hii wangeketi juu ya sponji yake siku moja, alikuwa akisema, angewaonyesha watu ni nani anafanya kazi na ni nani anasinzia.

Kesho yake asubuhi alimuuliza Ignace, jirani yake, katekista.

"Ordinatere," Ignace alisema hata kabla swali halijaisha. "Mutoto atasoma, ataandika, akichoka atacheza. Na courant ikienda, iko na betri yake ndani, inaendelea. Ile ingine, courant ikienda, unabaki na jiwe mu nyumba."

"Courant ya hapa," Cirhuza alisema, "ni wakubwa ndio wanachagua saa ya mutoto wangu kucheza."

Ignace alianza kuaga. Aliijua njia ya maneno hayo inakoelekea. Huanzia kwenye umeme, ikapita kwenye barabara, ikateremka mpaka bandarini, na bandarini Cirhuza hukaa siku nzima.

Lakini Cirhuza alikuwa na sababu nyingine ya kuipenda kompyuta, ambayo hakumwambia Ignace. Kompyuta ina kioo chake. Ile nyingine inaomba televisheni, na televisheni ilikuwa kwenye salon, sebule yao, na salon ilikuwa imefungwa kwa kufuli mwaka wa tatu sasa.

Mke wake Eulalie alikuwa akinunua maharagi Minova na kuyauza Bukavu. Safari ya mwisho alipanda boti kurudi, kwa sababu barabara ile wakubwa walikuwa wameila, kifusi kwa kifusi. Boti ikajazwa kupita kiasi, ikazama ziwani. Karatasi ya bandari ilitaja idadi ya watu. Waliokuwa ndani ya maji walikuwa zaidi. Siku tisa watu walilala kwenye salon ya Cirhuza wakiimba na kungoja, na mwili haukuja. Siku ya tatu walifika wakubwa wa bandari, na miwani yao nyeusi na daftari, wakaandika, wakasema tutawaita. Hapo Cirhuza alisimama mbele ya umati wote.

"Munileteye muke wangu," alisema. "Mpaka mumulete, matanga ya hapa haitavunjwa."

Neno la mfiwa likishatamkwa mbele ya waombolezaji si la kuchezea. Wakubwa walifunga daftari. Siku ya kumi ndugu walitawanyika bila chungu cha mwisho cha kula pamoja, bila maneno ya kufunga msiba. Naye akasukuma mafotei ukutani, akatupa kitenge juu ya televisheni, akafunga mlango. Tangu hapo yeye alikula chini ya bati na Rosette alikula chumbani mwake. Mtu akiuliza, alijibu neno moja: hajafika.

Wakubwa walilisahau neno lake kabla gari lao halijapanda mlima. Yeye ndiye aliyebaki nalo.

Alhamisi, ile siku ya ine ya Bruno, siku ya mwisho ya kujibu, Thierry alimwita. Thierry alikuwa na salle, chumba cha michezo ya video, karibu na soko, na divani yake ilikuwa imekata roho. Cirhuza alikwenda asubuhi, vijana wakiwa bado shuleni, akaona kwa mara ya kwanza mahali ambapo binti yake anamalizia michana yake.

Chumba kilikuwa na pande mbili. Kulia, kompyuta tatu ukutani, kila moja na kiti chake cha plastiki na kofia ya masikio. Kushoto, televisheni moja kubwa yenye PlayStation, na mbele yake divani moja.

"Nifundishe," Cirhuza alisema. "Ya kulia na ya kushoto, tofauti iko wapi?"

Thierry alikuna kidevu. Mwalimu hakuwa, lakini aliulizwa swali alilolijua. "Ya kulia iko na akili mingi, Papa Cirhuza. Michezo unaitia ndani na kiflashi, haikuombi kitu. Na unafanya nayo kazi. Ya kushoto ni kucheza tu. Disiki ni bei, courant ikikatika inakufa."

"Basi ya kulia ni bora."

"Ni bora." Thierry aliangalia viti vya plastiki. "Lakini wa kulia akiingia, anavaa kile kintu ku masikio, hata nyumba iungue hajui. Wa kushoto wananipasua kichwa na kelele. Na ile divani, ni wao wameiua. Viti vya kulia haviharibike hata."

Waliibeba divani wakaitoa uani nyuma, Cirhuza akabaki nayo peke yake nyuma ya pazia. Aliipindua, akang'oa misumari, akakunjua kitambaa. Sponji ilikuwa na mashimo matatu. La katikati la mtu mnene. La kulia la mtu asiyetulia, limechimbwa huku na huku. La kushoto lilikuwa la ajabu: upande mmoja umezama sana, mwingine haukuguswa. Ni mtu anayekaa amekunja mguu mmoja chini ya paja.

Alikaa kuliangalia. Eulalie alikaa hivyo. Kila jioni alimgombeza, unaniharibia springi, na kila jioni mguu ulirudi palepale. Hakujua kwamba Rosette alikuwa ameuchukua mkao huo. Angejulia wapi? Nyumbani hawakukaa mahali pamoja.

Alikuwa anavuta mkanda wa nne wa mpira vijana walipoingia salle. Alisikia mabegi yakitupwa, kelele, kisha Thierry akiwaambia leo mtakaa chini, divani iko hospitali. Katikati ya sauti zao ilikuwapo ya msichana mmoja, kubwa, yenye kicheko ndani, ikitukana kipa na kumcheka refa, haina hata nukta ya kupumua. Ilimchukua Cirhuza muda kujua kuwa ni Rosette.

"Rosette, tonton wako Bruno anakutumia nini?" kijana mmoja aliuliza.

"Sijue, Papa ndiye atachagua. Itakuwa ordinatere."

"Ordinatere? Weye mutu wa manette? Utacheza na nani, na kivuli yako?"

"Acha, Gentil. Inakala ku magoti. Nitacheza mu chumba yangu."

"Omba PlayStation, siye tunahamia kwenu. Thierry atafunga salle."

"Nifunge nini," Thierry alisema, "munanimalizia divani tu."

Wakacheka. Kisha Rosette akasema, "Kwetu hakuna pa kukala."

"Kwenu? Kwa mutu wa mafotei? Sasa kwa mutu wa mikate wanalala njala?"

"Salon iko. Lakini inangojea mama."

Vidole viliacha kubonyeza. Nyuma ya pazia Cirhuza alishikilia mkanda uliovutwa, bila kuugongelea.

"Mama yako," Gentil alisema polepole, "si ule wa boti?"

"Ndiye. Papa anasema hajafika."

Alilisema kama mtu anayesema mvua haijakatika. Bila uchungu, bila lawama. Jambo la nyumba yao. "Cheza sasa," akaongeza. "Nilikuwa nakufunga."

Cirhuza aliigonga mikanda iliyobaki. Aliweka sponji mpya sehemu mbili. Pembe ya kushoto aliiwekea mara mbili. Alipotoka alipitia njia ya uani, asionekane.

Nyumbani ufunguo wa salon haukuingia. Kufuli lilikuwa limeshikana na kutu. Alichukua koleo lake la kung'olea misumari akalitoa pamoja na skrubu zake, na mlango ulipofunguka alisimama kwanza nje, kama mgeni.

Hewa ya ndani ilikuwa nzito, ya nguo za zamani. Alifungua dirisha. Mafotei yaliegemea ukuta kama watu walioambiwa wangoje, na divani ya watu watatu ilikuwa pale alipoiacha. Alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake, mwaka Rosette alipozaliwa. Alipiga goti, akapitisha kiganja upande wa kushoto, mahali pa Eulalie, akitafuta lile shimo lenye upande mmoja.

Halikuwapo. Alipapasa tena. Siku zile tisa watu walikuwa wamekaa pale, wakalala pale, shangazi na wajomba na kwaya ya parokia, na uzito wao wote ulikuwa umeisawazisha sponji kama meza. Miaka mitatu alikuwa amefungia kufuli mahali ambapo mke wake hakuwapo hata kwa alama.

Alikaa kwenye sakafu. Halafu akatoa simu, akabonyeza pa kurekodi, pale Rosette alipomwonyesha.

Mara ya kwanza alisema sana. Alisema juu ya bandari, juu ya karatasi, juu ya miwani nyeusi, akapandisha sauti mpaka kuku wakatoka chini ya dirisha. Kisha alijisikiliza. Bruno hakuwa mkubwa wa bandari. Akaifuta. Mara ya pili alisema taratibu.

"Shemeji. Tuma ile ya watu wawili. Na kuko kintu kingine. Weye ndiye mukubwa wa Eulalie mu kuzaliwa. Mie nilisema mbele ya watu, matanga haivunjwe mpaka wamulete. Wale watu hawatamuleta. Hawajue hata kama nangojea. Neno ni yangu, lakini dada ni wako, siwezi kuirudisha bila weye. Nakuomba useme. Ukisema tuvunje, tutaita watu, tutakula, tutavunja. Ukikatala, nitaelewa." Alisogeza simu karibu na mdomo. "Lakini PlayStation, tuma tu."

Rosette alirudi jua likiwa limeelekea upande wa ziwa. Aliona mlango wazi, akaacha begi lining'inie mkononi.

"Nani amekuja?"

"Hakuna mutu. Ingia."

Aliingia akitembea kandokando, kama sakafu ingevunjika. Cirhuza alimpa simu asikilize alichomtumia Bruno. Rosette hakuifungulia sauti kubwa, aliiweka sikioni, mgongo kwa baba yake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ordinatere ingenisaidia ku masomo, Papa," alisema hatimaye.

"Najua."

"Ba Ignace watakusema."

"Walishanisema."

Rosette alivuta kitenge kutoka kwenye televisheni, akakikunja mara nne, akapima kwa macho kutoka kwenye kioo mpaka ukutani. "Divani iko mbali," alisema. "Kuona vizuri, inaomba isogee."

Kila mmoja alishika upande wake. Divani ilikuwa nzito. Ilipiga kelele kwenye saruji, ikasimama, ikaenda tena, ikafika katikati ya chumba, ikiwa imekaa upande kidogo. Nyuma yake sakafu ilikuwa imebaki na alama nne za duara, safi, nyekundu, rangi ambayo Eulalie aliipaka mwenyewe.

Wakakaa. Simu ilikuwa kati yao juu ya kitambaa. Chini ya jina la Bruno yalitokea maneno madogo, na Rosette akamsomea baba yake: anarekodi. Maneno yakapotea. Yakarudi. Yakapotea tena.

"Anatafuta maneno," Cirhuza alisema.

Rosette alikunja mguu mmoja chini ya paja. Nje mtu alipita akapunguza mwendo, akaangalia dirisha lililo wazi, na wao wakaendelea kuitazama simu, ambayo sasa ilisema tena kwamba Bruno anarekodi.