Nilipopungua Nikapanda Pembea

Usiku wa jana niliota, na katika kuota, hapa Wete mimi sina mpinzani. Wenzangu huamka na vipande vipande. Mimi ndoto yangu naitoa nzima, mwanzo mpaka mwisho. Mwanzo wa hii nimeusahau.

Ninapoanza kukumbuka, niko jikoni, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mara mbuzi akanyanyua miguu ya mbele.

"Shikilia," akaniambia.

"Nazi yangu haijaisha."

"Na sikukuu haikungoji."

Akatoka nami mlangoni, akipanda na kushuka kama wale farasi wa mbao wa pembeani, nami kifuu kimo mkononi sijui nikiweke wapi. Tukapita barazani kwa jirani yetu, Bi Fatawi. Alitutazama, akasema tu, "Mkipita sokoni niletee ndimu."

Hatukupita sokoni. Tulipokunja kona ya nyumba yake tukatokea moja kwa moja kwenye uwanja wa sikukuu, ule ule wa utotoni mwangu. Harufu ya mishkaki, bisi zinaruka sufuriani, watoto wanapuliza vitarumbeta vya karatasi. Na katikati pembea la duara, limesimama kama gurudumu, la mbao tupu, lile la kusukumwa kwa mikono na wanaume wawili, visanduku vyake vya kukalia vinaning'inia vimepakwa kijani na nyekundu.

Hapa lazima nieleze. Pembea lile lilikuwa la watoto wadogo. Mbele yake ulichomekwa ufito, na aliyeuzidi ufito hapandi, maana mbao hazitamhimili. Mimi nilirefuka mapema kuliko akili yangu. Kila Idi nilikwenda na gauni jipya na mafuta yamenitiririka mpaka kwenye nyusi, na kila Idi ufito ulikuwa mfupi kuliko mimi.

Dada yangu Salme yeye alipanda. Ndivyo anavyosema. Kisa hicho amekisema harusini, amekisema kwenye hitima, amekisema kwenye foleni ya maji: alivyofika juu kabisa akaiona Unguja yote, mpaka watu wa Unguja wakampungia mkono. Tumezeeka, tumefiwa na waume, tunalala chumba kimoja, na bado akitaka kunikomesha husema, "Wewe Mize huwezi kujua. Hukupanda."

Basi, pembea liliponiona likakohoa.

"Umechelewa," likasema. "Huu ndio mzunguko wangu wa mwisho. Ukimalizika, mimi ni kuni za biriani."

"Pole."

"Pole ya nini? Biriani si jambo dogo."

Yaani ni leo, au ndiyo basi tena mpaka kaburini.

Naangalia, iko mistari miwili. Mmoja una kibao: WALIOKWISHA KUPANDA. Hauna mtu, ila paka mmoja anajilamba. Wa pili umeandikwa HAWAJAPANDA, nao umejaa wazee watupu, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo za Idi za kitoto, vikanzu vimewaishia magotini, mabaluni mkononi, na hakuna anayeona ajabu. Najipanga.

Mbele yangu kuna mwanamke wa buibui, mfupi kama ndoo, anatembea kama bata. Uso simwoni, lakini visigino vile navijua, nimelala navyo chumba kimoja.

"Dada Salme?"

"Si mimi."

"Sauti ni yako."

"Nimeazima."

"Si wewe uliyepanda zamani? Mstari wako ule kule, kwa paka."

Akageuza kichwa kwa paka. "Nimekosea mstari," akasema.

"Basi nenda."

"Nimeshachoka, Mize. Niache nikosee hapa hapa."

Zamu yangu ikafika kabla ya yake, sijui vipi. Ndoto haina adabu ya foleni. Ufito ni ule ule, mwembamba, na una sauti ya mkaguzi wa skuli.

"Simama wima."

"Huu ndio wima wangu."

Ukanisogelea, ukanipima kisogoni, ukarudia tena.

"Umepungua, Mize."

"Nimeambiwa."

"Urefu wote ule umeupeleka wapi?"

"Mwingine uko mgongoni, umejikunja. Mwingine wamechukua watoto. Wote warefu, na simu hawapigi."

Ufito ukafikiri. Kisha ukasema neno nililolingoja tangu nina meno ya utoto: "Pita."

Mgongo huu nimeulalamikia kwa kila daktari wa kisiwa. Nikaupigapiga kwa nyuma, nikauomba radhi.

Ikawa zamu ya Dada.

"Nyoosha magoti," ufito ukamwambia.

"Yamenyooka."

"Mwongo," likasema buibui lake mwenyewe. "Ameyakunja. Mimi ndiye niliye naye humu ndani."

"Buibui gani hili lisilojua kusitiri!" Dada akafoka.

"Nasitiri mwili. Uongo hatukupatana."

Dada akanyooka. Akauzidi ufito kichwa kizima. Umri wote ule, na hajapungua hata ukucha.

"Huyu hapandi," ufito ukasema.

Pembea limeshaanza kulegeza misumari. Wanaume wawili wanakunja mikono ya mashati. Dada halii, wala habishi. Amesimama tu anautazama ufito, na uso ule naujua vizuri: ni uso wangu, wa kila Idi.

Nilikuwa na kicheko nimemwekea tangu enzi hizo. Nikafungua mdomo nimcheke, mdomo ukasema, "Yuko na mimi."

"Kisanduku kimoja kilichobaki, mtu mmoja," ufito ukasema.

"Ndio sisi."

Nikalifunua buibui nikaingia. Dada akachuchumaa chini, mimi nikatoa kichwa juu. Alinifinya paja. Nilimkanyaga kidole. Tukatulia.

Ufito ukatupima. "Urefu sawa. Upana umezidi."

"Kwani wewe unapima upana?"

"Hapana," ukajibu, kwa huzuni kidogo. "Sikupewa kazi hiyo." Ukaligeukia buibui. "Wewe msema kweli. Humo ndani mko wangapi?"

Buibui likajikung'uta vumbi polepole.

"Mimi nilikuwa naulizwa magoti," likasema. "Vichwa si fani yangu."

"Piteni," ufito ukasema, kisha ukajisahihisha: "Pita."

Tunapanda! Wanaume wanasukuma, mbao zinalia, uwanja unakuwa mdogo, mdogo, kama sinia la visheti. Juu kabisa pembea linatulia, na kumbe juu kabisa ni darasani kwetu. Madawati, ubao, mawingu yanapita chini ya miguu ya madawati, na mwalimu anaita majina.

"Mize!"

"Nipo!"

"Salme!"

Ndani ya buibui mtu anapiga mayowe kwa kuyameza.

"Dada," nikamwambia, "tumefika juu. Njoo unionyeshe Unguja."

"Iangalie wewe," sauti ikatoka chini. "Mimi nilishaiona."

"Fungua macho, angalau."

"Yamefunguka."

"Mwongo," likasema buibui.

Nikatazama peke yangu. Unguja sikuiona. Niliona paa letu lenye bati jipya upande mmoja, na Bi Fatawi barazani kwake, mdogo kama punje ya mchele, bado anangoja ndimu. Ilinitosha. Upepo ukaniingia masikioni, nikacheka, nikacheka mpaka darasa zima likageuka.

"Mize, toka nje!" mwalimu akasema.

Nikatoka nje, na nje hakukuwa na pa kukanyaga.

Nikazinduka. Asubuhi, chumba cheupe, mwanga umeingia mpaka mvunguni. Dada Salme ameamka kabla yangu. Amekaa kitandani kwake, miguu ameipandisha juu, mikono miwili imekamata vyuma vya kitanda mpaka vidole vimepauka.

"Umeota nini, Dada?"

"Mimi?" akasema. "Sikuota kitu. Nimelala fofofo."

"Basi shuka, tukateleke chai."

Akachungulia sakafu, akarudisha shingo upesi.

"Nitashuka," akasema. "Kikisimama."