Kitambaa cha Kioo

Asimina alikuwa na miaka saba baba yake alipofukiwa na kifusi machimboni. Siku hiyohiyo mama yake, Kaliroi, alikifunika kioo cha sebuleni kwa kitambaa cheusi. Desturi ya kijiji ni kioo cha nyumba yenye msiba kifunikwe siku arobaini. Arobaini zikaisha, Kaliroi hakukifunua. Ukaja mwaka, ukaja wa pili na wa tano, madirisha ya upande wa barabara yakabaki yamefungwa, redio ikahamia kwa shangazi, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyeimba wala kucheka kwa sauti, maana majirani wana masikio.

Lakini mtoto hakosi mchezo. Asimina alipanda darini, katikati ya magunia ya lozi, na huko alikuwa na watu wake: miiko saba ya mbao. Mrefu alikuwa padri, aliyeungua alikuwa mkwe, aliyepasuka alikuwa bibi harusi. Aliwachezesha bila kutoa hata mnong'ono. Padri akikasirika, alitetemeka tu. Bibi harusi akimkataa mume, aligeuka taratibu akatazama ukuta.

Siku moja kichwa cha Kaliroi kilichomoza penye ngazi.

"Unafanya nini huku?"

"Sifanyi kitu, mama."

"Na miiko yangu mbona imevaa nguo?"

"Inasikia baridi."

Kaliroi aliutazama mwiko wa bibi harusi kwa muda, akauvua, akashuka nao kukoroga maharage. Kesho yake Asimina aliukuta darini mahali pake, umeoshwa na kuvishwa gauni lake.

Alipofikisha miaka kumi na tisa, kilipita kijijini kikundi cha waigizaji wa kusafiri, wale wanaounganisha meza za mkahawa na kuziita jukwaa. Kilipoondoka, Asimina aliondoka nacho. Mama yake hakumzuia wala hakumbariki. Alikuwa akichambua dengu, akaendelea kuchambua. Asimina alibeba viatu, sweta, na kile kitambaa cha kioo. Mwenyewe hakujua kwa nini alikichukua. Alikiona akipita, akakivuta.

Kwenye kikundi shida yake ikajulikana mapema. Sauti yake haikufika safu ya tatu.

"Binti," alimwambia Thrasivulos, mkuu wa kikundi, aliyepaka masharubu yake rangi kila Jumamosi, "hawa watu wamelipa kiingilio kwa mayai na jibini. Wanataka kuyasikia mayai yao."

Alipewa vikombe vya kubeba na milango ya kufungua. Hivyo miezi minne. Kisha, katika kijiji kilichokuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwao, Erasmia, mwigizaji wa nafasi za akina mama, akashikwa na homa.

"Leo mama ni wewe," alisema Thrasivulos. "Katika sehemu ya tatu nakuletea habari kwamba mwanao amekufa. Unapiga yowe. Lisipofika mlangoni, kesho asubuhi lori linakwenda kwenu, na wewe utakuwa juu yake."

Asimina akaenda kwa Erasmia, aliyelala chini ya mablanketi matatu.

"Vuta pumzi kutoka tumboni, mwanangu. Fikiri umebanwa kidole na mlango."

"Nikibanwa kidole huwa ninanyamaza."

"Basi, Mama wa Mungu akusimamie," alisema Erasmia, akageukia ukutani.

Mkahawa ulijaa. Wanawake walikaa nyuma, na wengi wao walivaa nyeusi. Ilipofika sehemu ya tatu, Thrasivulos, aliyeigiza mjomba wa kijana, aliingia na kofia mkononi.

"Dada yangu, Stratis wetu hayupo tena."

Asimina alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliyaona macho ya Thrasivulos yakifinyika, akaliona na lori. Akafunga mdomo. Akainuka, akalivua vazi alilojitanda mabegani, ambalo lilikuwa kile kitambaa cheusi cha nyumbani kwao, akaenda kwenye kioo kikubwa cha mkahawa kilichokuwa nyuma yake, akakifunika. Akausimamisha mshale wa saa ya ukutani kwa kidole. Akachukua mtungi, akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu mpaka mlangoni, akayamwaga maji yote nje, kwa sababu maji yaliyokuwa ndani mauti ilipoingia hayanywewi. Akarudi, akaketi, akaiweka mikono magotini, viganja juu.

Thrasivulos alikuwa na maneno ya kusema hapo. Yalimtoka kichwani.

Nyuma kabisa bibi mmoja alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akaja mpaka jukwaani, akamshika Asimina mkono.

"Maisha kwenu mliobaki," alisema, kama wafiwa wanavyopewa pole.

Akafuata mwingine. Ukawa mstari. Mwenye mkahawa, bila kuagizwa, aliinjika kahawa chungu, akaanza kupitisha brandi na mikate mikavu kama inavyofanywa baada ya mazishi. Thrasivulos alipewa mikono na kijiji kizima.

"Alikuwa na umri gani?" mzee mmoja alimuuliza.

"Ishirini na mbili," alijibu, akitazama viatu vyake.

Sehemu ya nne haikuchezwa.

"Lori linaondoka saa ngapi?" Asimina alimuuliza Thrasivulos alipomjia na glasi yake ya tatu.

"Lori la nini? Kesho kutwa tuna kijiji kingine. Na ukithubutu kupiga yowe, nakufukuza."

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Kaliroi, viatu vimejaa vumbi la mwendo wa saa tatu. Alimpa binti yake mkono kama wengine walivyompa.

"Maisha kwako," alisema. Kisha akatazama ukutani. "Kile ni changu."

"Ndiyo, mama. Kioo cha nyumbani ulikifunika na nini?"

"Nilitafuta kitambaa kingine. Kabla sijakipata nikajiona. Nimezeeka kama mbuzi. Sikuwa na habari."

Alivuta kiti, akapanda, akakishusha kitambaa na kuanza kukikunja.

"Wewe mama," alinung'unika yule bibi wa kwanza, "siku arobaini hazijaisha."

"Zimeisha," alisema Kaliroi. Akakikunja mara nne, akakiweka mikononi mwa Asimina.